Kizibo cha Muhogo: Maisha ya Papa Nestor Kasika, Aliyeliliwa Mara Mbili

Wazazi wetu, padri wetu, majirani wa Mulambi, na ninyi mliotoka Walikale kwa pikipiki chini ya mvua, poleni na safari na poleni na msiba. Familia imetutuma kusoma maisha ya baba yetu, Papa Nestor Kasika, na kabla hatujaanza inatubidi kusema jambo ambalo wengi wenu mnalijua, ya kwamba maisha haya yalikwisha kusomwa mara moja, mbele ya kanisa hili hili, tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 2007, na yule aliyesoma siku ile alisoma vizuri na kwa machozi, lakini mwisho aliousoma haukuwa wa kweli. Leo tunasoma tena tangu mwanzo.

Papa Nestor Kasika alizaliwa Bihambwe, teritware ya Masisi, tarehe 14 mwezi wa pili 1958, mtoto wa pili wa mzee Kasika Bauma, mkulima wa maharagi na mchungaji wa ng'ombe za wengine, na wa mama Constance, ambaye jibini lake lilikuwa linatafutwa sokoni kabla hajalitua chini. Alipokuwa angali ananyonya, wazazi wake walihamia hapa Mulambi, mahali milima ya Masisi inapochoka na msitu wa Walikale unapoanza, nao walipewa shamba la mteremko ambalo mpaka leo tunalilima. Alisoma shule ya msingi hapa misioni tangu 1965 hadi 1971, kisha akaenda Masisi kujifunza ufundi wa ujenzi, lakini mwaka 1974 mzee Kasika alifariki, na kijana akarudi nyumbani bila cheti, kwa kuwa nyumba ilikuwa imebaki bila mwanaume mkubwa.

Mwaka 1976 aliingia kazi parokiani, chini ya Frère Benoît, mtawa wa misioni, aliyekuwa ameanza kushusha maji kutoka chanzo cha Luhimbi, juu kabisa mlimani, yapite mgongo wa Kitso ilipokuwa shule, yafike mpaka robine za Mulambi, koki hizi tunazochotea. Kazi ile ilichukua miaka mitatu ya kubeba tiyo, mabomba yale ya chuma, begani, na ndiyo iliyokula ncha ya kidole chake cha kati, mkono wa kuume, siku chombo cha kubania chuma kilipofunga kabla yeye hajauondoa mkono. Maji yalifunguliwa tarehe 24 mwezi wa sita 1979, na tangu siku hiyo watu walimwita fontenye, fundi wa maji, jina alilolipenda kuliko lile la ubatizo.

Maji ya Luhimbi ni meupe machoni, lakini yana chuma ndani yake, na chuma hicho hushika ukuta wa tiyo polepole, kikawa utelezi mwekundu, utelezi ukawa gamba, gamba likakaza koo la tiyo mpaka robine inatoa machozi tu. Mwanzoni walisafisha kwa kusukuma ndani mpira mgumu, ambao mafundi wa kizungu huuita nguruwe, kwa sababu unapopita unakoroma na unapotoka umechafuka, lakini mpira ule ulikwama chini ya Kitso, na ikabidi kuchimbua mteremko mzima kuutafuta. Ndipo Frère Benoît aliposema kwamba inafaa kutafuta nguruwe ambaye akikwama anakufa mwenyewe, na wawili wale wakajaribu sabuni, wakajaribu udongo, mwisho wakafika kwenye bugali ya muhogo, iliyosongwa ngumu na chumvi, ikafinyangwa kama mkate mrefu, ambao waliuita kizibo, ikakaushwa juu ya moto na kupakwa mafuta ya ng'ombe, kitu ambacho maji yatakisukuma kwa masaa machache kikikwangua njia, kisha kitalainika na kuyeyuka, kisiache hata mfupa. Fikra ilikuwa ya Frère, mkono ulikuwa wa Nestor, naye ndiye aliyezoea kukandamiza vidole vitatu mgongoni mwa kila kizibo, ili maji yapate mahali pa kukishika.

Wenye umri mnakumbuka jinsi kizibo kilivyokuwa kinapita. Robine zilianza kuvuta pumzi, hewa ikalia ndani ya ardhi kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani, sauti ikatembea chini ya mashamba kutoka juu kwenda chini, halafu maji yakakatika, yakaja mekundu, yakaja meupe, na wakati mwingine kipande cheupe cha bugali kikaanguka ndani ya bidoni, dumu la kuchotea. Pasta mmoja wa Waadventista alimfuata sokoni akamuuliza kwa uchungu, "Papa Nestor, njo kweli unatupitishiaka nguruwe mu mayi?" naye akamjibu, "Pasta, ile nguruwe iko ya muhogo, unaweza kula na maharagi," na pasta alicheka mpaka akaketi.

Tarehe 8 mwezi wa nane 1981 alifunga ndoa takatifu na Mama Godelieve, aliye hapa mbele yetu, binti wa mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa na duka na lori pale Masisi, mtu wa sala na wa maneno makali, ambaye alipopelekewa posa aliuliza, "Utamupa mutoto wangu nini, bugali ya tiyo?" na Nestor, ambaye hakuwa na ng'ombe hata moja ya kwake, alijibu, "Papa, nitamupa mayi mu lupango." Aliitimiza ahadi hiyo, maji yakafika uani kwao, kabla ya mwaka kwisha. Mungu aliwajalia watoto watatu, Astrid mwaka 1983, Trésor mwaka 1988, na Kétsia, aliyekuja wakati hawakumtazamia tena, mwaka 1999.

Vita vilikuja mwaka 1993, vikaja tena 1996, na baadaye havikuondoka, vilikuwa vinabadilisha tu nguo. Familia ilikimbia mara nyingi, Ngungu, Masisi, porini, na kila waliporudi Nestor alipanda mlimani kabla ya kuangalia kama nyumba yake ina paa, kwa sababu alisema watu waliokimbia wana kiu kuliko watu wengine.

Tarehe 21 mwezi wa nane 2007, asubuhi, alipanda Luhimbi na mwenzake wa kazi Sylvain, kizibo kimoja ndani ya mfuko, na kabla ya adhuhuri risasi zikaanza juu ya Kitso. Sylvain alishuka peke yake, bila viatu, akapiga magoti mbele ya Mama Godelieve na kusema, "Nimemuona anaanguka. Mungu wangu, Mama Astrid, nimemuona anaanguka, na bale batu banasimama juu yake." Watu wa silaha walikaa kule, wakafanya shule ya Kitso kuwa kambi yao, na mlima ukafungwa, hakuna aliyepanda tena kuchota wala kuchunga wala kutafuta maiti.

Familia ilingoja mpaka mwezi wa kumi na moja, kisha wazee wakasema roho haiwezi kuachwa inazunguka bila kulala, wakakata shina la mgomba lenye urefu wa mtu, wakalivalisha koti lake la harusi, wakalifunga vifungo, wakaliweka ndani ya sanduku na kulizika kule makaburini, karibu na mzee Kasika. Mama Godelieve alitupa udongo wake kama wengine, lakini alisema baadaye kwamba mkono wake ulikataa kufunguka, ikabidi Astrid amfungue vidole.

Baada ya matanga maji yalianza kudhoofika, robine moja ikakauka, nyingine ikatoa wekundu, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa fontenye alikuwa amekufa. Papa mdogo Eugène, mdogo wa marehemu, ambaye yuko hapa na ameturuhusu kusema haya, alipewa na wazee kazi ya kuangalia nyumba ile, na wengine wakaanza kusema waziwazi kwamba ni vema amuoe mjane, shamba lisigawanyike.

Tarehe 2 mwezi wa pili 2008, siku chache kabla ya Kwaresima, asubuhi, Mama Godelieve alikuwa robineni na wanawake wengine, ukungu ungali chini, wakati robine ilipovuta pumzi. Emérence, jirani yake, aliyekuwa ameinama, aliacha bidoni yake akarudi nyuma, akasema, "Mama, hii haiko mayi, hii iko pumuzi." Sauti ile waliyoijua wote ilikuwa inashuka kutoka mlimani, chini ya maharagi, ikilia, ikinyamaza, ikilia tena, na wote walijua kwamba hakuna mtu wa Mulambi aliyekuwa juu. Maji yalikatika, yakaja mekundu, yakaja meupe kwa nguvu iliyosahaulika, na ndani ya beseni ya Mama Godelieve kikaanguka kipande cha bugali kama ngumi. Alikiokota. Mgongoni mwake kulikuwa na mashimo matatu ya vidole, la kati fupi kuliko mengine.

Alikimbia nacho kwa Eugène, akikikumbatia kifuani, akipita katikati ya mashamba ya watu, akiita watoke waone, na alipofika mlangoni alifungua mikono.

"Iko wapi?" Eugène akauliza.

"Ilikuwa hapa. Eugène, ilikuwa hapa mu mukono yangu, vidole vyake vilikuwa ndani."

"Mama Astrid, mimi naona uji tu."

Na kweli ulikuwa uji, ulikuwa unadondoka kwenye viwiko vyake, kwa kuwa kitu kile kilifanywa kiyeyuke, na kilikuwa kimeyeyuka. Eugène alimwosha mikono kwa upole, akamwambia kwamba watu wa silaha wameokota vizibo vya marehemu na wanacheza navyo, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelisema. Padri naye alimwambia asali rozari na asitazame sana ndani ya maji.

Wiki nyingi zilipita kimya. Baada ya Pasaka kizibo kingine kikaja, na mwezi uliofuata kingine, na kila mara maji yakawa mazuri kuliko yalivyokuwa kabla ya vita, na kadiri yalivyokuwa mazuri ndivyo watu walivyoyaogopa. Walisema mfu anayetumwa kazi hana shukrani, siku moja atadai mshahara. Wakaanza kuchota bwawani, watoto wakaanza kuharisha, na kuharisha kwenyewe kukahesabiwa kuwa ni mshahara ule umeanza kulipwa. Wanawake walipomwona Mama Godelieve anakunywa robineni walivuta watoto wao. Yeye aliendelea kunywa, na alikataa kuvua nguo za matanga, na alikataa pia kuolewa, akisema, "Mujane anaolewaka. Miye sijajua kama niko mujane."

Mwezi wa sita wanaume walikutana wakakubaliana kukata tiyo pale inapoingia kijijini, wauzibe mdomo wa kipande cha kijijini kwa mbao na saruji, maji ya mlimani yamwagike bondeni. Walikuja asubuhi na jembe na msumeno wa chuma, Pierre mwenye ng'ombe akiwa mbele, Eugène akiwa nyuma, na walimkuta Mama Godelieve ameketi juu ya tiyo yenyewe, mahali mvua ilipokuwa imeifunua, miguu ameinyoosha, Kétsia pembeni yake.

"Mama, simama," Pierre akasema. "Hatukuje kugombana na weye."

"Munakata nini?"

"Tunakata ile inatutumia kifo."

"Kama njo bwana yangu, anafanya kazi yenu. Kama haiko yeye, mayi iko safi. Munipe kosa lake."

"Kosa lake iko kwamba tulimuzika!" mmoja akapiga kelele, na hilo ndilo lililokuwa moyoni mwa wote.

Pierre aliinama na msumeno. Wakati ule ule Mama Godelieve alisikia chuma kinatetemeka chini ya mapaja yake, kidogo, kama ng'ombe anapotikisa ngozi, kisha sauti ikaja, mbali, kwenye mteremko wa Kitso, ikashuka, ikapita chini ya shamba la mihogo la Emérence, ikakaribia bila haraka, na wanaume wale wote wakageuza shingo kuifuata kana kwamba mtu anatembea mbele yao. Kitu kilipita chini ya mama, kinakoroma, kinakwangua. Aliweka kiganja juu ya chuma.

"Anapita," akasema.

Walikwenda, hakuna aliyekimbia, lakini msumeno ulibaki katika majani mpaka ukashika kutu. Walipoondoka Mama Godelieve alichukua jiwe akaigonga tiyo, akagonga, akagonga, mpaka Kétsia akalia, akaweka sikio, na hakusikia jibu, maji tu. Tangu hapo alikuwa anagonga kila siku ya soko, na watu walimwacha, wakisema msiba umemgeuza.

Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2009, baada ya watu wa silaha kuondoka Kitso bila kuaga, Papa Nestor Kasika alishuka kwa miguu yake, mguu mmoja umepinda kwenye nyonga palipopita risasi, ndevu zimefika kifuani, akaingia Mulambi mchana, kwa njia ya makaburini. Wanawake waliokuwa wanapalilia walitupa majembe. Yeye alikuwa amesimama mbele ya msalaba, anasoma jina lake. Mama Godelieve aliitwa akaja polepole, hakulia, alishika mkono wake wa kuume akauangalia kidole kwa kidole, kisha akasema, "Karibu, Papa Astrid. Mayi ilikuwa inafika." Hapo ndipo alipoketi chini, yeye aliyetembea kutoka Kitso, na akalia kwa sauti, kwa sababu hakujua.

Alieleza kwamba walimwacha hai wakati walipojua ni fontenye, maana kambi yao ilikunywa robine ya shule, na walimpa muhogo na mafuta ya ng'ombe za watu afanye kazi yake, wakimwambia kila siku, "Mulambi imekwisha, hata kuku haikubakia." Kwa hiyo alikuwa anasafisha njia ya maji mpaka Kitso kwa ajili ya wale waliomshika, na kutoka Kitso mpaka huku, ambako hakuna aliyemwamuru, kwa ajili ya kijiji alichoamini kimekufa. Alisikia kugonga ndani ya chuma. "Nilijua njo ninyi," aliwaambia watoto wake, "nilijua mumekufa na munaomba. Nikasema, hata bafu banahitaji mayi ya muzuri."

Padri aliagiza kaburi lifunguliwe, kwa kuwa msalaba hauwezi kusimama kwa mtu aliye hai, na walipolifungua mgomba ulikuwa umekwisha wote, halikubaki hata jani, ila koti lilikuwa limelala bapa, na vifungo vyake vyote vimefungwa. Papa Nestor aliliomba, akalifua, akalivaa. Labda ingekuwa heri asilivae, nguo ile ya kaburini. Kétsia alikataa kula sahani moja naye kwa muda mrefu, na sokoni watu walimwekea chenji chini badala ya kumpa mkononi, si kwa ubaya, walikuwa wanaogopa tu, na yeye aliiokota akasema aksanti.

Mwaka 2011 familia ilihamia Walikale, alipopata kazi ya kuangalia maji ya kituo kimoja cha afya, na kule, ambako hakuna aliyemjua kama mfu, alikaa vizuri, aliwafundisha vijana kufinyanga vizibo, aliwaona wajukuu wanne. Siku moja tu kule ilimbadilisha. Walikuwa barazani, mvua inanyesha, Mama Godelieve anasimulia jinsi uji ulivyodondoka kwenye viwiko vyake, akasema, "Ile ya kwanza, ya mwezi wa pili, mbele ya Kwaresima." Papa Nestor alimwuliza arudie. Akarudia.

"Mbele ya Kwaresima," akasema, "nilikuwa nimelala mu darasa ya Kitso, siwezi hata kugeuka. Ya kwanza nilituma kisha Pasaka."

"Vidole vilikuwa vyako. Nilivishika."

Alitazama mkono wake. "Basi kulikuwa mwengine," akasema, na jambo hilo hakulizungumza tena na mtu yeyote. Lakini tangu siku ile, kila alipotengeneza kizibo alitengeneza viwili, kimoja akakiingiza ndani ya tiyo, cha pili akakiacha juu ya jiwe pembeni ya chanzo, na aliporudi hakukikuta. Familia haina maelezo. Ni kitu cha kuyeyuka, na mvua ya Walikale mnaijua.

Ugonjwa wake ulianza mwezi wa tatu 2017 kwa kuvimba miguu, waganga wakasema ni figo, mwili ukajaa maji ambayo hayakupata njia ya kutoka, na yeye aliyekuwa mtu wa mzaha alimwambia daktari, "Docta, tiyo yangu inaziba, hamuna kizibo ya muntu?" Alipelekwa hospitali, akarudishwa, akapelekwa tena. Alipokea sakramenti ya wagonjwa akiwa na akili zake zote, na tarehe 3 mwezi wa kumi 2017, Jumanne, saa nne ya asubuhi, Mama Godelieve akiwa amemshika, aliacha kupumua, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na mdogo wake Eugène, ambaye ndiye aliyelisindikiza sanduku barabara yote, katika matope, bila kukubali mtu ampokee.

Familia inashukuru madaktari na wauguzi wa Walikale, ambao hawakuchoka, wafanyakazi wenzake wa maji, walioweka zamu ya kulala naye, Sylvain, aliyemlilia mara ya kwanza na amekuja kumlilia ya pili, majirani wa kule waliotoa pikipiki, na ninyi wa Mulambi mliochimba kaburi hili jana bila kuombwa.

Jambo la mwisho linatoka kwa Mama Godelieve mwenyewe. Anaomba sanduku lisifungwe bado. Mara ya kwanza hakuna aliyeona kilichokuwa ndani, na kwa sababu hiyo tuliteseka, sisi na yeye. Basi anaomba kila mtu apite, mkubwa na mdogo, Pierre apite, Emérence apite, na asiangalie kwa mbali, amshike, ajue ya kwamba ni yeye, ya kwamba ni baridi, ya kwamba amemaliza kazi, ili usiku wa leo asiwepo mtu Mulambi anayelala akisikiliza ardhi.

Papa Nestor, safari hii tumekuona kwa macho. Hakuna anayekugongea tena. Pumzika kwa amani, baba, maji yamefika.